Kwenda Kruger na mshkaji wa Jozi: kigari kidogo kinatosha, ila chunga saa ya geti

Kama una ndugu au rafiki anayeishi Johannesburg, kuna safari moja huwa mnaipanga kila mwaka na haifanyiki: kuchukua gari, kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kruger, kulala siku mbili tatu, kurudi. Wengi wanaiacha kwa sababu wanaipigia hesabu za Serengeti. Land Cruiser ya kukodi, dereva, mwongozaji, dola juu ya dola.

Kruger haiko hivyo. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 20,000, lakini ndani kuna zaidi ya kilomita 800 za lami, na mgeni anaruhusiwa kujiendesha mwenyewe. Gari lile lile ambalo mshkaji wako anaendea kazini linatosha. Mimi na rafiki yangu tulikwenda mwezi Juni na kigari chake kidogo na hatukukwama popote.

Anza na pasipoti. Mtanzania haitaji viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na tangu Januari 2023 Mkenya naye ameondolewa viza. Ila getini Kruger hamlingani. Ada ya kila siku ina viwango vitatu: wenyeji, raia wa nchi za SADC na wageni wengine. Tanzania na Kongo ziko SADC, hivyo raia wake hulipa karibu nusu ya anacholipa Mzungu. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi haziko, kwa hiyo jiandae kulipa bei kamili. Na punguzo hilo unalipata kwa kuonyesha pasipoti yenyewe. Ukiiacha Jozi kwenye droo, umejipandishia bei mwenyewe.

Leseni yako ya nyumbani inakubalika kama ina picha na sahihi na imeandikwa kwa Kiingereza. Wanaendesha kushoto kama sisi. Kama gari ni la rafiki yako na mtapokezana usukani, mwambie aulize kwanza bima yake kama inamhusu dereva mwingine. Kama mnakodi, kampuni nyingi zinataka kadi ya krediti yenye jina la dereva, na hapo ndipo vijana wengi tunapokwamia.

Kutoka Johannesburg hadi mageti ya kusini ni kilomita 400 hadi 480, kutegemea geti. Mnachukua N12 hadi eMalahleni, mnaingia N4, mnapita Middelburg na Mbombela. Barabara ni nzuri, ina vituo kadhaa vya tozo, lakini ndiyo njia ya malori yanayokwenda Maputo, kwa hiyo msiiendeshe usiku. Tokeni alfajiri. (Ukisikia mshkaji anasema “geuka kwenye roboti”, usishangae. Kule taa za barabarani ndizo roboti.)

Ndani ya hifadhi

Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe. Tochi zipo, usidhani porini hakuna trafiki. Ukiweka na kusimama kuangalia wanyama, hesabu kilomita 25 kwa saa. Kutoka kambi ya Lower Sabie hadi Skukuza ni kama kilomita 46 tu kando ya Mto Sabie, lakini ni safari ya saa mbili, na ukikuta simba barabarani ni zaidi, maana foleni yake ni ya Mbagala.

Hesabu hiyo ina uzito kwa sababu ya saa ya geti. Kambi zimezungushiwa uzio na zinafungwa jioni, na muda unabadilika kwa msimu: Juni ni saa 11:30, Desemba ni saa 12:30. Ukichelewa unapigwa faini, na kabla ya faini kuna giza na wanyama barabarani. Sisi tulibakiwa na kilomita nane, saa 10:40 jioni, kundi la tembo likaamua kula majani katikati ya lami. Huwezi kupiga honi. Huwezi kupenya pembeni. Unarudi nyuma taratibu, unawaachia nafasi, unasubiri. Tuliingia Skukuza zikiwa zimebaki dakika sita.

Tembo ndiye wa kumwogopa zaidi ukiwa kwenye gari dogo. Ukiona dume lina michirizi mibichi kati ya jicho na sikio na linachuruzika mkojo, liko kwenye kipindi chake cha ukorofi. Kaa mbali kabisa.

Simba ni suala jingine. Wanaonekana kulichukulia gari kama kitu kimoja kikubwa kisicholiwa. Ukifungua mlango au ukitoa kiwiliwili dirishani ili upate picha, unavunja umbo hilo, na sasa yeye anamwona mtu. Ndiyo maana kushuka ni marufuku isipokuwa kwenye kambi na sehemu zilizotengwa.

Simu haishiki kila mahali, kwa hiyo pakua ramani kabla. Picha za simba rusha utakavyo, ila ya kifaru usiweke mahali ulipompigia. Majangili nao wana simu.

Halafu malaria. Johannesburg haina, Kruger ipo, hasa miezi ya mvua. Rafiki yako aliyekaa Jozi miaka mitano hana tena ile kinga ya utotoni. Asijidanganye kuwa yeye ni mtoto wa Tanga. Mwone mtaalamu wa afya kuhusu dawa ya kinga, wote wawili. Juni hadi Septemba mbu ni wachache, nyasi ni fupi na wanyama wanasogelea maji, ila asubuhi ni baridi ya Makete.

Skukuza, kwa taarifa tu, lilikuwa jina ambalo Watsonga walimpa James Stevenson-Hamilton, msimamizi wa kwanza wa hifadhi. Maana yake inaelekea kwenye “anayefagia”, na alichofagia ni pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Wenyeji wa Makuleke, waliohamishwa kaskazini mwaka 1969, walirudishiwa haki ya ardhi yao mwaka 1998.

Mambo mawili ya getini. Mgeni wa kutwa haruhusiwi kuingia na pombe. Na mkitoka gari hukaguliwa, maana nyati wa Kruger wanabeba ugonjwa wa miguu na midomo unaoua biashara ya ng'ombe, hivyo nyama mbichi inaweza kuwaletea shida. Nyama yenu ya kuchoma imalizeni kambini.