Mlenda Ndani ya Chujio (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari unapolemewa: presha inapanda, maji matamu yanapungua. Leo tulifungue chujio lenyewe.

Ndani yake mna viwambo vilivyoviringishwa kama mkeka, vikitenganishwa na wavu wa plastiki unaopitisha maji. Ngozi inayozuia chumvi ni ya poliamidi, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya maikromita. Bakteria mwenye urefu wa maikromita 1 au 2 ni jitu mbele yake. Kunjua kiwambo kilichochoka, upitishe kidole. Kinateleza, kinavutika kama mlenda, na mlenda wenyewe umejazana pale nyuzi za wavu zinapokutana.

Si matope. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, huko Delft, alieleza viumbe alivyoviona kwenye ukoga wa meno, na ukoga huo na mlenda huu ni ndugu. Ni utando, yaani makazi ya bakteria yaliyojengwa kwa maji mengi na ute wa sukari na protini wanaoutoa wenyewe.

Ndiyo maana hadubini ya elektroni, kwa uzuri wote wa picha zake, inahitaji tahadhari. Kwa kawaida kipande cha kiwambo hukaushwa, hupakwa dhahabu, kisha huingizwa mahali pasipo na hewa. Ute ukikauka husinyaa ukabaki nyuzinyuzi. Umbo la bakteria utalipata. Unene wa utando usiuamini.

Mimi naithamini zaidi hadubini ya leza, kwa kuwa kipande hubaki na unyevu wake. Hutiwa rangi mbili: ya kijani huingia kila seli, nyekundu huingia zile tu ambazo ngozi yake imetoboka, yaani zilizokufa au zinazokufa. Leza husoma tabaka baada ya tabaka, kompyuta ikaziunganisha. Sasa tazama kiwambo kilichokwisha kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Picha yaweza kuwa nyekundu tupu, na utando uko palepale, unene uleule! Maji bado yanapita kwa taabu, na mizoga hiyo ni chakula cha bakteria watakaofuata. Mafundi wengi huongeza dawa, kumbe kinachotakiwa ni kuuvunja ule ute na kuusukumia nje. Klorini nayo haisaidii hapa, maana huila poliamidi yenyewe.

Msimamizi wa mtambo anayetaka jibu la kweli aanzie kwenye kukata kipande. Akikate chujio likiwa bado bichi, akifunge pamoja na maji kidogo ya mtambo uleule, akiweke kwenye ubaridi bila kukigandisha, na kifike maabara upesi. Kikikaukia njiani, hakuna hadubini itakayourudisha ute ulivyokuwa.