Dejar na ndugu yake, acha

Wengi wanaoanza Kihispania huambiwa kwamba dejar maana yake ni "kuruhusu", na safari yao huenda kombo hapohapo. Kuruhusu kunanukia ofisi: kuna barua, kuna mhuri, kuna mkubwa na mdogo. Kwa mambo hayo Wahispania wana kitenzi kingine, permitir, na ndicho utakachokikuta kwenye masharti ya viza. Dejar ni neno la nyumbani. Mama hamwandikii mwanawe kibali cha kucheza nje, humwacha acheze. Ndiyo maana kila darasa jipya naliambia: wekeni ruhusu kando, shikeni acha.

Tazama yanavyofuatana. Déjame: niache. Deja la puerta abierta: acha mlango wazi. No dejes de venir: usiache kuja. Marafiki wawili wakigombea kulipa bili, mmoja husema deja, yo pago, kama ambavyo wa Dar es Salaam angesema "acha, nalipa mimi". Hata sokoni ni vivyo hivyo. Jumapili kwenye gulio la El Rastro, Madrid, mnunuzi akiona bei iko juu huuliza: ¿me lo deja en quince? Utaniachia kwa kumi na tano? Aliyewahi kununua mitumba Kariakoo hahitaji maelezo zaidi.

Asili yake ni Kilatini, laxare, yaani kulegeza. Kihispania cha kale kilisema lexar. Wafaransa wana laisser, Waitalia lasciare. Ukilegeza kamba umeiacha, na aliyefungwa nayo anaweza kwenda zake. Kuacha na kumpa mtu nafasi ni tendo moja la mkono.

Sasa tuje kwenye muundo. Unaweza kusema mi madre me deja salir, mama huniacha nitoke, na kitenzi cha pili kikabaki bila kunyambuliwa. Au unaweza kuweka que, na hapo mimi hufurahi sana kufundisha Waswahili: deja que hable, acha aseme. Sikiliza mwisho wa vitenzi hivyo viwili. Hablar imegeuka hable, kusema kumegeuka aseme. Irabu kufanana ni sadfa tu, na haidumu, kwa kuwa vitenzi vya -er na -ir huchukua a: comer huwa coma, salir huwa salga. Lakini sababu ya kugeuka si sadfa. Jambo lenyewe halijatendeka. Linangoja kuachiwa njia. Hiyo subjuntivo inayowatoa jasho wanafunzi wa mataifa mengine, sisi tumeinyonya na maziwa ya mama kila tulipoambiwa tuje, tukae, tule.

Penye hatari ni kwingine, kwenye kineno cha herufi mbili. Kiswahili hakichanganyi "nimeacha kunywa" na "nimemwacha anywe". Ku- na -e zinatosha kututenganishia. Kihispania humtwika de mzigo huo. He dejado de beber ni nimeacha kunywa. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima, alikuwa anaandaa maelezo ya kumpa daktari, akaandika he dejado beber. Alifuata Kiswahili chake neno kwa neno, na Kiswahili hakina de ya kumkumbusha. Daktari angesikia kwamba bwana huyu ameacha watu wanywe. Nilimwomba aisome sentensi sahihi mara kumi kwa sauti, akigonga meza kila afikapo kwenye de. Mpaka leo huisema huku kidole kikigonga.

Kuhusu adabu, usiyemjua mwambie ¿me deja pasar?, na rika lako ¿me dejas pasar?; hiyo s moja ndiyo inayotenganisha heshima na mazoea.

Kuna mahali ambapo ndugu hawa huachana. Nchini Hispania, ¿me dejas el boli? ni kuazima kalamu. Ukitafsiri "niachie kalamu", kwetu mwenye mali atajua imekwenda moja kwa moja. Kwa Mhispania bado ni yake, naye ataingoja. Ukimaliza kuandika, mrudishie.