Bahasha ya Mrakibu Hastings

Katika msimu wa tano wa Line of Duty, tamthilia ya polisi iliyorushwa na BBC kati ya Machi na Mei 2019, wapelelezi wanapekua chumba cha hoteli na kukuta bahasha iliyojaa noti: pauni 50,000 taslimu. Anayeishi chumbani humo ni Mrakibu Ted Hastings, mkuu wa AC-12, kitengo cha kubuni ambacho kazi yake ni kuwachunguza polisi wala rushwa. Ni mzee wa Ireland ya Kaskazini, Mkatoliki wa dhati, mkali kwa vijana wake na mwepesi wa kumtaja Mungu. Tangu msimu wa kwanza mwaka 2012 watazamaji walikuwa wamemwona akiwahoji wenzake bila kupepesa macho. Sasa anahojiwa yeye.

Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Kubambikiwa kesi ni jambo analolijua mtaani kwake: misokoto ya bangi inayoibukia kituoni, mfukoni mwa kijana ambaye hajawahi kuiona. Kilichogeuka hapa ni aliyebambikiwa. Safari hii ni polisi, tena yule anayewakamata polisi. Nitafichua kisa kinavyoishia, kwa kuwa funzo la kisheria limefichwa humo humo.

Tamthilia nyingi za aina hii hutuonyesha mapema mkono unaopandikiza. Tunamwona mbaya akitumbukiza pesa kwenye droo, kisha tunakaa kusubiri lini ukweli utajulikana. Mwandishi wa Line of Duty, Jed Mercurio, ambaye alikuwa daktari kabla ya kuingia kwenye uandishi, hakutupa faraja hiyo. Aliuficha ule mkono kwa muda mrefu. Na alifanya jambo la pili ambalo ndilo kubwa zaidi: karibu kila kitu kinachomtia Hastings mashakani ni kweli. Alizipokea zile fedha, mkononi, kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa polisi, kwa maelezo kwamba ni fidia ya uwekezaji wa majengo uliomfilisi. Ana madeni. Ndoa imevunjika, ndiyo maana analala hotelini. Kompyuta yake ya mkononi aliifungasha vizuri akaenda kuiondosha kabla wachunguzi hawajaifikia. Alikwenda gerezani kumwona mfungwa wa lile genge analolichunguza, na muda si mrefu baadaye mpelelezi aliyepandikizwa ndani ya genge hilo, John Corbett, akachinjwa.

Hapo ndipo ninapoipa heshima tamthilia hii. Uongo unaomfunga mtu hauelei hewani. Unatafuta siri ya kweli ya kuuparamia, kama mtambaazi unavyotafuta mti. Aliyembambikia Hastings hakuhitaji kutunga maisha mapya ya mzee huyu. Alihitaji kujua tu mzee anaona haya wapi.

Tuanze na bahasha, maana ndiyo inayotisha zaidi machoni. Mahakamani kielelezo hakisemi chenyewe. Lazima ionekane kimetoka wapi, kimeshikwa na nani, kimehifadhiwa wapi na kimefikaje mbele ya hakimu. Tanzania mawakili hawachoki kuitaja rufaa ya Paulo Maduka na wenzake ya mwaka 2007, ambamo Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba mnyororo huo uonekane kwa maandishi, hatua kwa hatua, tangu kitu kilipokamatwa. Ndiyo sababu ya hati ya ukamataji mali, saini ya mwenye nyumba na saini ya shahidi. Utaratibu huo una nguvu kweli. Unamzuia askari kubadilisha kilichokamatwa au kuongeza kete njiani kuelekea maabara.

Lakini tazama unaanzia wapi. Unaanza pale mkono wa mpekuzi unapogusa kitu. Kilichotokea kabla ya hapo haukioni. Fedha za Hastings zinaweza kuwa na hati safi, picha, saini za watu wote waliokuwepo, na bado zikawa zimefikishwa chumbani kwa hila. Waliomtega walilijua hilo. Hawakuchezea kielelezo kikiwa mikononi mwa polisi. Walimpa mlengwa akakibeba mwenyewe mpaka chumbani kwake. Kwa hiyo swali linahama. Hatuulizi tena kama bahasha ilikuwepo, tunauliza ilikuwepo kwa ajili gani, na swali la namna hiyo hujibiwa kwa ushahidi wa mazingira.

Kuhusu ushahidi wa mazingira, mahakama zetu za Afrika Mashariki zina kipimo ambacho hakijachakaa tangu shauri la Simoni Musoke la mwaka 1958, lililotoka Uganda. Mambo yanayomwelekea mshtakiwa yawe ni yale yasiyoweza kukaa pamoja na kutokuwa kwake na hatia, na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya busara isipokuwa kwamba ametenda. Chukua kipimo hicho umpime nacho Hastings. Pesa: je, fidia ya mtu aliyetapeliwa ni maelezo ya busara? Ni ya mashaka, ila yapo. Kumtembelea mfungwa: mpelelezi kwenda gerezani kutafuta habari ni kazi ya kila siku. Jambo moja moja linaponyoka. Yakipangwa pamoja, mtu anahisi hana pa kutokea, na hisia hiyo ndiyo hakimu anayotakiwa kuikagua kabla ya kuiamini.

Kompyuta ndiyo ngumu zaidi. Mtu asiye na hatia huharibuje ushahidi? Hastings anapobanwa anasema, kwa tabu kubwa, kwamba alikuwa akitazama picha za ngono, zisizovunja sheria, na hakutaka wenzake wazione. Adrian Dunbar, anayemwigiza, anaitoa kauli hiyo kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Wapo waliodhani mwandishi amekosa maelezo bora. Mimi naona ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na maisha ya mahakamani kuliko risasi zote za tamthilia hii.

Mwaka 1981 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, chini ya Jaji Mkuu Lane, ilitoa uamuzi katika shauri la Lucas ambao mpaka leo majaji wa huko huwasomea baraza la wazee wa mahakama. Unasema hivi kwa ufupi: mshtakiwa kudanganya si lazima iwe ni kwa sababu ametenda kosa. Watu hudanganya kwa woga. Hudanganya kuinusuru hoja ya kweli wanayodhani haitaaminika. Hudanganya kwa aibu, na kwa kutaka familia isijue walifanya jambo la fedheha. Basi kabla uongo haujahesabiwa dhidi ya mtu, lazima uwe wa makusudi, uhusu jambo la msingi, na sababu yake iwe ni kujua kwamba ana hatia na kuogopa ukweli. Mtazamaji anayeijua kanuni hiyo anamtazama Hastings kwa jicho tofauti kabisa. Wanaoketi mezani kumhoji wanaona mtu aliyeficha. Swali la Lucas ni: alificha nini hasa?

Anayemhoji ni Patricia Carmichael, ofisa wa kitengo kingine mwenye cheo cha juu kuliko chake, mwanamke wa sauti ndogo na tabasamu lisilofika machoni. Onyesho la mahojiano ndilo alama ya Line of Duty. Chumba cha kioo, faili mezani, mashine ya kurekodi inayotoa mlio mrefu usiovumilika kabla mtu yeyote hajatamka neno, kisha kielelezo kimoja baada ya kingine kwa namba yake. Onyesho moja linaweza kuchukua sehemu kubwa ya kipindi, watu wameketi tu. Na watu hawaondoki mbele ya skrini.

Ule mlio una historia ya uchungu. Mwaka 1972 mtu aliyeitwa Maxwell Confait aliuawa London, na vijana watatu, mmoja akiwa na upungufu wa akili, wakatiwa hatiani kwa kutegemea maungamo waliyoyatoa kituoni bila mzazi wala wakili. Hukumu zilifutwa mwaka 1975. Ukafuata uchunguzi, kisha tume ya kifalme, kisha sheria ya mwaka 1984 ya polisi na ushahidi wa jinai, iliyoagiza mahojiano ya watuhumiwa yarekodiwe. Kabla ya hapo askari aliandika kwenye kijitabu chake kile alichosema mtuhumiwa, na mahakama ilimwamini. Wengi walifungwa kwa maneno ambayo hawakuyatamka. Mashine ile iliwekwa ili raia asitungiwe maneno na polisi. Katika chumba cha AC-12 inamlinda polisi asitungiwe maneno na polisi wenzake, na nadhani hakuna hoja bora ya kuwaeleza maofisa wetu kwa nini warekodi maelezo ya onyo kwa sauti na picha, badala ya kuyaandika tu kwenye karatasi ya mistari. Kinga ile ile ndiyo itakayowafaa siku zamu itakapowafikia.

Pia kuna suala la kukaa kimya. Watuhumiwa wa tamthilia hii hupenda kujibu kila swali kwamba hawana la kusema. Uingereza walilikazia jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1994: anayenyamaza kituoni kisha akaja mahakamani na utetezi mpya anaweza kuulizwa mbona hakuusema mapema, na ukimya wake ukahesabiwa. Kwa Hastings hilo ni mtego wa pili. Akinyamaza, anaonekana mwizi. Akisema, anaifunua aibu yake kwenye kanda.

Aliyemtega ni nani? Ni Gill Biggeloe, mwanasheria mwandamizi wa ofisi ya kamishna anayesimamia polisi. Uchaguzi huo wa mwandishi una maana. Jambazi angemuua Hastings. Mwanasheria anajua uchunguzi unavyofikiri: kwamba utaanza na fedha, utaingia kwenye mawasiliano, utatafuta nia. Akamtafutia na nia pia. Corbett, yule mpelelezi aliyepandikizwa, alikuwa ameaminishwa kwamba Hastings ndiye aliyesababisha kifo cha mama yake huko Ireland ya Kaskazini wakati wa machafuko. Aliyemwaminisha ni Biggeloe. Kwa uongo huo Corbett akamvamia na kumtesa mke wa Hastings, na kwa shambulio hilo Hastings akapata sababu ya kumtakia Corbett kifo. Hapo kila tundu lilikuwa limezibwa.

Nje ya televisheni mara nyingi hahitajiki hata mtegaji mwerevu kiasi hicho. Mwaka 1998 Sajini Gurpal Virdi wa polisi wa London, Kalasinga, alikamatwa akidaiwa kuwa ndiye aliyewatumia wenzake weusi na wenye asili ya Asia barua za matusi ya kibaguzi, na kwamba nyingine alijitumia mwenyewe. Nyumba yake ikapekuliwa. Mwaka 2000 akafukuzwa kazi. Mwaka huo huo baraza la ajira likaona kwamba alibaguliwa kwa rangi yake katika namna alivyochunguzwa, na 2002 akarudi kazini. Ushahidi ukianza kutafutwa baada ya mtu kuchaguliwa, chochote atakachokutwa nacho kitafaa.

Kuchunguza polisi ni lazima, hilo silibishi. Robert Mark alipokuwa Kamishna wa London mwaka 1972 alianzisha kitengo kilichoitwa A10, ambacho naweza kukiita babu wa AC-12, na katika miaka mitano karibu askari 500 waliondoka jeshini, baadhi baada ya mashauri ya nidhamu, wengine kwa kuyakimbia. Walioondoka hivyo hawakuwa wamebambikiwa wote. Ndiyo maana mbinu ya Biggeloe inafaa: katika jeshi lenye wala rushwa wa kweli, tuhuma dhidi ya mwaminifu haimshangazi mtu.

Msimu wa tano ulimalizika Biggeloe akiwa amefichuliwa na Hastings akipewa onyo la mwisho la maandishi. Watu wengi walipumua. Mercurio akarudi mwaka 2021 na msimu wa sita, ambao kipindi chake cha mwisho, usiku wa Mei 2, kilitazamwa na watu milioni 12.8 Uingereza, na humo akaitibua ile furaha. Fedha za Hastings hazikuwa 50,000. Zilikuwa 100,000. Nusu nyingine alikuwa amempa mjane wa Corbett, kimya kimya. Na alipobanwa na vijana wake wawili, Steve Arnott na Kate Fleming, akakiri kwamba kule gerezani ni kweli alidokeza kwamba ndani ya genge kuna msaliti. Mtu aliyebambikiwa kosa la kuwa wakala wa wahalifu alikuwa ametenda jingine, ambalo hakuna aliyelipandikiza: ulimi wake ulimpeleka askari mwenzake kwenye kisu.

Baadhi ya mashabiki walikasirika, wakaona mzee wao amechafuliwa bure. Mimi naona mwandishi alikuwa na deni la kulipa, akalilipa. Pesa kwa mjane hazieleweki bila dhamira inayomchoma, na bila kauli ile ya gerezani dhamira hiyo haina chanzo. Tena ukitazama upya mahojiano ya Carmichael ukijua hayo, utaona kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko tulivyotaka. Alikuwa na mtu sahihi, ila jengo lote la hoja lilikuwa la Biggeloe.

Kwa sheria za Uingereza ofisa wa umma anayeikiuka dhamana ya kazi yake kwa kiwango kikubwa namna hiyo huweza kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya ofisi, kosa la kale lisilotokana na kifungu cha Bunge, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Faili la Hastings lilishapita mikononi mwa wachunguzi mara mbili. Shtaka hilo halikuandikwa.