Oili ya gia ya mashine ya boti

Mashine inayofungwa nyuma ya boti, iwe inachanganyiwa petroli na oili ya 2T au la, hubeba oili ya pili isiyokutana kamwe na ile ya injini. Oili hiyo hukaa kwenye boksi la gia, sehemu ya chini kabisa inayozama majini na kushika rafadha. Humo shafti inayoshuka wima huishia kwenye pinioni, nayo pinioni huzungusha gia ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Nguvu yote ya mashine hupinda kona katika meno hayo machache. Oili inayoyalinda ni kidogo mno: mashine ya nguvu farasi 15 huchukua takriban robo lita, na haina chujio la kuisafisha.

Mashine nyingi hutaka oili ya gia ya SAE 90 au 80W-90. Namba ya mbele, 80W, inahusu mwendo wa oili kwenye baridi kali, jambo lisilo na uzito Mombasa wala Mwanza. Namba 90 ndiyo inayoonyesha uzito wake ikiwa moto. Wengi huona namba 90 wakadhani ni oili nzito maradufu kuliko namba 40 ya injini, kumbe vipimo ni viwili tofauti: oili ya gia namba 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini namba 40 au 50. Kwa hiyo tofauti kati yao haiko kwenye uzito. Iko kwenye dawa za salfa na fosforasi zinazotiwa katika oili ya gia, ambazo hujenga utando juu ya meno pale mgandamizo unapoifukuza oili yenyewe. Oili ya injini haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Namba 140, inayopendwa na baadhi ya mafundi kwa kuwa “inashika”, huchelewa kufika kwenye beringi na hula nguvu ya mashine bila faida.

Alama ya GL-4 au GL-5 kwenye kopo hueleza wingi wa dawa hizo. GL-5 huwa na nyingi zaidi. Kitabu cha mashine kikitaja GL-4, isidhaniwe kuwa GL-5 ni bora kwa sababu namba yake ni kubwa, kwani baadhi ya dawa zake zinaweza kula vipande vya shaba.

Baada ya namba linakuja suala la maji, na hapo ndipo oili ya gari huachana na ya boti. Boksi la gia la gari hukaa pakavu. La boti hutenganishwa na bahari kwa sili za mpira tu, na mshipi wa kuvulia ukijizungusha nyuma ya rafadha huzikata kimyakimya. Oili iliyotengenezwa kwa vyombo vya majini huwa na dawa za kuzuia kutu na huendelea kulainisha hata maji kidogo yakipenya. Oili ya gari ya namba hiyohiyo hufanya kazi vizuri hadi siku sili itakapovuja. Kuanzia hapo chumvi hupata beringi zisizo na ulinzi. Kwa kiasi kidogo kinachohitajika, kuokoa pesa hapo ni hasara.

Oili hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi hivi, au mapema zaidi kama kitabu kinavyoagiza. Skrubu ya chini hufunguliwa kwanza, kisha ya juu. Oili mpya husukumwa kupitia tundu la chini mpaka itoke juu bila mapovu, kwani ikimiminwa kutoka juu hunasa hewa na boksi halijai. Skrubu ya juu hufungwa kwanza ili oili isikimbie wakati ya chini inapofungwa, na gasketi zote mbili hubadilishwa.

Oili iliyotoka ichunguzwe. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya skrubu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidoleni ni meno yanayovunjika. Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Hapo rafadha ivuliwe, mshipi utafutwe na sili zibadilishwe. Kisha, kabla ya kutia oili, boksi lipulizwe hewa ya shinikizo dogo na kuzamishwa majini, ili mapovu yaonyeshe kama bado pana mahali panapovuja.