Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza hupimwa

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Kila ninapoifunza methali hii, wanafunzi wangu hunieleza upesi kwamba mtu mwema hustahili tuzo. Naam, ndivyo. Ila wahenga hawakutaja ni pete ya kadiri gani, nami sikujishughulisha kuuliza.

Nilipokuwa nikijiandaa kuoa, nilijitia ujanja. Asubuhi moja ya Julai huko Limuru, baridi ikiuma, nilimzungushia mchumba wangu uzi wa sufu kidoleni nikijifanya ninacheza, kisha nikaupeleka kwa sonara. Siku ya arusi pete iliingia, nami nikajipongeza kwa werevu wangu.

Miaka miwili baadaye tulikuwa tumehamia Mombasa, na mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi minane. Vidole vilimvimba. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta, wapi! Kidole kilipoanza kubadilika rangi, tulikimbilia hospitali, na muuguzi akaikata pete kwa kimsumeno. Mke wangu hakulalamika. Alivifunga vipande katika leso, akanitazama. Hakuna mtihani ulionifedhehesha kama mtazamo ule.

Nilivipeleka vipande kwa sonara mmoja wa Mji wa Kale na kumsimulia kisa changu. Mzee yule alicheka kwa upole. "Mwalimu, wewe hukupima kidole," alisema. "Ulipima baridi."

Alisema kweli. Vidole hunywea kwa baridi na kutuna kwa joto, chumvi nyingi au ujauzito. Isitoshe, uzi wa sufu hunyumbuka: ukiuvuta hurefuka, ukiuachilia hurudi na kusema uongo.

Basi, mpenzi msomaji, twaa ukanda mwembamba wa karatasi. Uzungushe kidoleni pale pete itakapokaa, utie alama ncha zinapokutana, kisha upime kwa rula. Fanya hivyo jioni, mwili ukiwa na joto la kawaida, na urudie siku nyingine mbili tatu. Urefu uupatao ndio mzingo. Ukiugawanya kwa 3.14 utapata kipenyo cha ndani cha pete. Mzingo wa milimita 54, kwa mfano, hutoa kipenyo cha milimita 17.2 hivi. Pima na kifundo pia. Kikiwa kinene kuliko shina la kidole, chagua kipimo kilicho baina ya hivyo viwili. Pete nzuri hukipita kifundo kwa ukinzani mdogo, wala haidondoki unaponawa mikono. Tena, pete pana hubana kuliko nyembamba. Iongezee nafasi kidogo.

Hapa kuna jambo la kumvutia mwanaisimu. Waingereza huitaja saizi ya pete kwa herufi, na kila herufi huongeza milimita 1.25 za mzingo. Wamarekani hutumia nambari zao. Kipimo cha kimataifa, ISO 8653, hutaja mzingo wenyewe kwa milimita. Kiashiriwa ni kimoja, viashiria ni vingi. Anayeagiza pete kutoka ng'ambo na ataje milimita, asije akaletewa pete ya lugha nyingine.

Sonara aliongeza kipande kidogo cha dhahabu, akaiunga pete. Safari hii alimwita mke wangu mwenyewe, akampima jioni kwa pete zake za kupimia, moja baada ya nyingine, huku akimuuliza, "Hii yakubana, mwanangu?" Mimi sikuwahi kumuuliza swali hilo.

Alama ya kiungo ingalipo hadi leo. Wapo wanaosema ingefaa isuguliwe ipotee, lakini mwenyewe amekataa.

Walimu wenzangu, mnapoifunza methali hii, mwalikeni na mwalimu wa hisabati darasani. Waambieni wanafunzi pia kwamba chanda kina mwenyewe, na kabla ya kuvishwa ni vyema aulizwe.