Diski ya Nje: Mfumo wa Faili na Namna ya Kufomati

Mfumo wa faili ni utaratibu unaoijulisha kompyuta kila faili imekaa wapi kwenye diski, ina ukubwa gani na ilibadilishwa lini. Ukiharibika, picha milioni moja zinaweza kuwapo zote ndani ya diski na isifunguke hata moja. Wingi huo upo Serengeti. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kutega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 hifadhini, kwa mradi wa Snapshot Serengeti. Kufikia 2013 zilikuwa zimepatikana seti milioni 1.2 za picha, ambazo zilitolewa kwenye kadi na kusafirishwa kwa diski.

Kadi za kamera zisizozidi GB 32 kwa kawaida huja na FAT32, mfumo wa mwaka 1996 unaosomwa na karibu kila kifaa: redio ya gari, televisheni, king'amuzi. Kasoro yake ni moja, lakini ni kubwa: faili moja haiwezi kufika GB 4. Video ya harusi iliyorekodiwa Tarime kwa kasi ya megabiti 24 kwa sekunde hufika kikomo hicho ndani ya dakika 24 hivi. Ndiyo maana kamera nyingi huikata video vipande vipande. Mhariri akishaviunga, faili hukataliwa na diski hata kama ina nafasi tele.

Mwaka 2006 Microsoft ilileta exFAT, iliyoondoa kikomo hicho. Windows na Mac huisoma na kuiandika, na Linux ilianza kuwa nayo ndani mwaka 2019. Kwa diski inayozunguka kati ya ofisi, studio na kompyuta za wageni, hilo ndilo chaguo la kwanza.

Udhaifu wa exFAT hujitokeza umeme unapokatika. Haina jarida, yaani sehemu ya kuandika mabadiliko kabla hayajakamilika, kama muuza duka anavyoandika deni kwenye daftari kabla mteja hajaondoka na bidhaa. NTFS, iliyotoka na Windows NT mwaka 1993, inalo, na umeme ukirudi hulitumia kurekebisha mpangilio wake. Faili iliyokuwa inanakiliwa bado inaweza kupotea, ila zilizokuwapo huwa salama zaidi. Diski isiyotoka kwenye kompyuta ya Windows, hasa mahali ambapo umeme hauaminiki, ifomatiwe kwa NTFS. Mac huisoma tu. Haiandiki ndani yake bila programu ya ziada. Ext4 ya Linux na APFS ya Apple zinafaa kwa diski isiyohama mifumo hiyo.

Jambo linalosahaulika ni ukubwa wa vipande ambavyo diski hugawiwa. Kwenye diski kubwa za exFAT, kawaida ya Windows ni KB 128, na faili ya KB 3 hukalia kipande kizima. Kwa wastani kila faili hupoteza nusu ya kipande, hivyo faili milioni moja hupoteza takriban GB 64. NTFS yenye vipande vya KB 4 hupoteza kama GB 2. Kwa filamu chache, tofauti hiyo haina uzito.

Kabla ya kufomati, data zote zinakiliwe kwingine. Kwenye Windows, bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua kufomati, kisha mfumo na jina. Herufi ya diski ihakikiwe mara mbili, maana hapo ndipo watu hufuta diski isiyo yenyewe. Fomati ya haraka huanzisha orodha mpya tu, kwa hiyo data za zamani mara nyingi hurejesheka kwa programu maalumu. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri diski nzima na kukagua sehemu mbovu: kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, TB 1 huchukua karibu saa tatu. Diski ya mtumba inastahili muda huo, na inayouzwa vilevile.