Ukuta Unaovuja kwa Makusudi (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tulimwacha Fritz Haber katika maabara yake mjini Karlsruhe, Julai 1909, akiwaonyesha wageni wa kampuni ya BASF matone ya amonia yakidondoka kutoka kwenye mtambo uliotosha kukaa juu ya meza. Tangu gazeti litoke nimeulizwa swali lile lile na watu watatu, mmoja wao mwanafunzi wangu wa zamani ambaye hajaacha tabia ya kunibana. Ikiwa Haber alikwisha kuipata amonia kutokana na hewa, Carl Bosch aliongeza nini hata majina yao yakatajwa pamoja, na mwaka 1931 naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia?

Jibu fupi ni kwamba alijenga ukuta. Jibu refu ndilo makala ya leo, na mnisamehe mapema kwamba katikati ya safari tutaiacha amonia twende kwenye maji ya kunywa. Ukuta wa Bosch una ndugu yake, na huyo ndugu ndiye anayetenganisha maji na chumvi leo hii, kuanzia Muscat hadi kwenye vibanda vya maji vya Dar es Salaam.

Tuanze na mgandamizo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 kwa kipimo cha fundi wa pancha, yaani kama mara mbili ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Mtambo wa Haber ulihitaji kama mara 200. Basi chukua upepo wa tairi lako, uzidishe mara 100, kisha uutie kwenye joto la nyuzi 500 na zaidi. Kwa nini ukali wote huo? Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini atomu zake hutembea mbilimbili zikiwa zimeshikana kama ndugu waliogombana na ukoo mzima, hazitaki mgeni. Joto na kichocheo huzilegeza. Tatizo ni kwamba joto lile lile huivunja amonia ikishazaliwa. Hapo ndipo mgandamizo unapookoa jahazi: lita moja ya naitrojeni na lita tatu za haidrojeni huzaa lita mbili tu za amonia, kwa hiyo gesi zikibanwa hukimbilia upande unaochukua nafasi ndogo.

Katika chombo kidogo, Haber na msaidizi wake Robert Le Rossignol, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, waliweza kuyamudu hayo. BASF walitaka tani kwa tani. Kazi ikamwangukia Bosch huko Ludwigshafen, na bahati nzuri kabla ya kemia alikuwa amesomea mambo ya metali na mitambo. (Ndiyo, ni wa ukoo ule ule unaousoma kwenye plagi za magari, Robert Bosch alikuwa baba yake mdogo kwa hesabu zetu za Kiswahili.)

Mabomba yake ya kwanza ya feleji nene yalipasuka baada ya saa 80 hivi. Siku tatu na ushee, kisha kishindo. Mtu mwingine angeagiza feleji nene zaidi. Bosch aliyakata mabomba yaliyopasuka, akayang'arisha na kuyatazama kwa hadubini, akaona kwamba upande wa ndani, ule uliogusana na gesi, haukuwa feleji tena.

Feleji ni chuma chenye kaboni kidogo, na ile kaboni kidogo ndiyo nguvu yake. Haidrojeni nayo ni ndogo mno; kwenye joto na mgandamizo mkubwa huingia ndani ya feleji kama maji yanavyoingia ukuta wa udongo. Ikikutana na kaboni huungana nayo na kuwa methani. Methani ni kubwa, haipati pa kutokea, hivyo hujikusanya na kuchana nyufa ndogondogo ndani kwa ndani. Bomba linaonekana zima kwa nje huku linaliwa kutoka tumboni. Kuongeza unene wa feleji kulikuwa ni kuongeza chakula tu.

Sasa angalia alivyofikiri, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Ukuta wa mtambo ule ulikuwa na kazi mbili: kuzuia gesi isitoke, na kuubeba mgandamizo. Chuma laini, kisicho na kaboni, hakina cha kuliwa, ila ni dhaifu, hakiwezi kubeba. Feleji inabeba, ila inaliwa. Bosch akaacha kutafuta metali moja yenye sifa zote. Akaweka bitana ya chuma laini ndani ya ganda la feleji, kila moja na kazi yake.

Ikabaki hila moja. Bitana ile haikuweza kuizuia haidrojeni kabisa. Kidogo ilipenya, na ingejikusanya kati ya tabaka mbili na kuanza kulila ganda. Bosch akaagiza ganda la feleji litobolewe vitundu vidogo kutoka ndani hadi nje. Haidrojeni iliyopenya ikatoka hewani kupitia vitundu, bila mgandamizo wa kuiwezesha kuuma. Ukuta wa kuzuia gesi, umetobolewa makusudi ili uvuje! Hasara ya gesi ilikuwa ndogo isiyo na maana. Wazee wetu wa pwani wanajua mambo haya kwa upande mwingine: mtungi mzuri ni ule unaotoa jasho, na ukiupaka rangi usivuje, maji yake hayapoi.

Septemba 1913 kiwanda cha Oppau, karibu na Ludwigshafen, kilianza kutoa amonia. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na amonia ileile ikageuzwa asidi ya naitriki na baruti. Habari hizo, pamoja na gesi ya sumu ya klorini ambayo Haber aliisimamia vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, nitazitendea haki wiki ijayo. Leo itoshe kusema kwamba mfuko wa urea wa kilo 50 unaoununua kwa ajili ya kukuzia mahindi umeandikwa 46 kwa sababu asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, yaani kilo 23, na naitrojeni hiyo imepita kwenye mtambo ambao ni mjukuu wa ule wa Bosch.

Sasa maji. Ukienda Sur, mji wa Oman ambao majahazi yake yalikuwa yakishuka na upepo wa kaskazi hadi Unguja na Mombasa, utakuta viwanda viwili ambavyo mgeni hatafikiri vina undugu. Kimoja huchukua gesi asilia na hewa, kikatengeneza amonia na urea. Kingine huchukua maji ya bahari, kikatoa maji ya kunywa. Cha kwanza mmeshakijua. Cha pili nacho kinaishi kwa mgandamizo na ukuta.

Mwaka 1748 shemasi wa Kifaransa, Jean-Antoine Nollet, alifunga chombo cha pombe kali kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha majini. Kibofu kikavimba: maji yalikuwa yakipenya kuingia kwenye pombe. Ndivyo maji yalivyo. Yakitenganishwa na maji ya chumvi kwa utando unaoyaruhusu kupita, yale matamu hukimbilia kwenye chumvi yenyewe, bila kusukumwa. Ukitaka yarudi kinyume, chumvi ibaki na maji matamu yatoke, lazima usukume kwa nguvu kuliko chumvi inavyovuta. Kwa maji ya bahari mvuto huo ni kama mara 27 ya mgandamizo wa hewa, na viwanda husukuma kwa 55 hadi 70. Upepo wa tairi mara 30, tuseme.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Charles Reid na Ernest Breton wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba utando wa selulosi asetati unaizuia chumvi karibu yote. Lakini maji yalipita kwa kunyata mno, hayakufaa hata kumnywesha kuku. Utando ukiwa mnene, maji hayapiti. Ukiwa mwembamba, unapasuka. Unaona? Ukuta mmoja, kazi mbili.

Los Angeles, katika chuo kikuu cha UCLA, Sidney Loeb, mhandisi aliyerudi shule akiwa ameshavuka miaka 40, na mwenzake Srinivasa Sourirajan kutoka India walikuwa wakijaribu tando za dukani walizozipasha kwenye maji ya moto. Wakakuta jambo la ajabu: utando ukiwekwa upande huu ulizuia chumvi, ukigeuzwa ukashindwa. Kumbe pande zake mbili hazikufanana. Wakaamua kutengeneza tofauti hiyo wenyewe. Walimwaga uji wa selulosi asetati juu ya kioo, wakauacha hewani muda mfupi ili juu ukauke kidogo, kisha wakauzamisha kwenye maji ya barafu, na mwishowe wakaupasha. Kilichotoka kilikuwa na ngozi juu, kama malai ya maziwa yaliyochemshwa, nyembamba kuliko sehemu elfu moja ya milimita. Chini yake kulikuwa na sponji nene yenye vitundu. Ngozi inaizuia chumvi, sponji inaubeba mgandamizo na kuyapitisha maji. Bitana na ganda!

Mwaka 1965 mtambo wa aina hiyo ulianza kufanya kazi Coalinga, California, mji mdogo ambao zamani ulikuwa ukiletewa maji ya kunywa kwa treni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Cadotte akaisogeza hatua nyingine: badala ya kitu kimoja chenye ngozi na sponji, akatandaza ngozi ya poliamidi, ya jamii ya nailoni, juu ya sponji ya plastiki tofauti. Hiyo ndiyo iliyo kwenye mitambo mingi leo, ikiwa imekunjwa kama mkeka ndani ya bomba jeupe.

Poliamidi ina adui mmoja, na nilimjua kupitia jirani yangu anayeuza maji. Kisima chake kirefu, kama vingi vya Dar es Salaam, kilitoa maji chumvi, akanunua mtambo mdogo, biashara ikaenda. Siku moja akaniita.

"Mwalimu, mtambo wangu umerogwa. Maji yamerudi kuwa chumvi, na pampu ni nzima."

Nikamuuliza amebadilisha nini. Hakubadilisha kitu, akasema, ila aliposikia habari za kipindupindu alianza kutia klorini kwenye tangi la kisima, tangi ambalo linaulisha mtambo. Tulilikata bomba jeupe na kuukunjua mkeka wake sakafuni. Haukuwa na tundu wala mchaniko.

"Sasa mbona mzima?"

Nikamweleza kwamba klorini huila poliamidi kidogo kidogo. Sponji ilikuwepo, kitambaa kinachoishikilia kwa chini kilikuwepo, mgandamizo ulibebwa vizuri kama siku ya kwanza. Kilichoondoka ni ngozi ambayo jicho haliioni. Alinunua utando mpya, kwa bei aliyoitaja mara tatu, na mbele yake akafunga mtungi wa mkaa maalumu. Klorini bado anatia kwenye tangi, lakini inaishia kwenye mkaa.